Zege Halilali



Nimeombwa nizungumzie barabara za zege, zilianzaje na zina maana gani kwetu sisi wa Mbinga na wenzetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Nimekubali kwa furaha, maana nusu ya maisha yangu nimeyamaliza juu ya tuta la barabara. Lakini naomba nianze na mlima, zege litafuata.

Kutoka hapa mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 67 hivi. Mbinga ipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Nyasa yapo karibu mita 475. Kwa hiyo ndani ya safari ambayo kwenye ramani haifiki urefu wa kidole, gari linashuka zaidi ya mita 800. Na mvua zetu mnazifahamu: zikianza Novemba hazituachi mpaka Aprili, pengine Mei. Maji yote yanayoanguka huku juu yanataka kwenda ziwani, na yanataka kupita njia ileile tunayoitaka sisi, yaani iliyo fupi na yenye mteremko.

Nilikuwa darasa la sita nilipolala njiani usiku mbili juu ya magunia ya kahawa, kati ya hapa na Kigonsera, lori likiwa limezama hadi ekseli. Utingo alikata matawi, akakata tena, akayalaza chini ya tairi, na kila dereva alipokanyaga mafuta matawi yakamezwa. Asubuhi ya pili mvua ikakatika. Nikashuka, nikaona jambo ambalo sijalisahau hadi leo: barabara yenyewe ilikuwa imegeuka mto, ila porini, hatua tano kutoka pale, udongo ulikuwa mgumu na mguu hauzami. Maji yalikuwa yameacha pori na kuichagua barabara, kwa sababu sisi ndio tulioyachimbia mfereji kwa tairi zetu. Tangu siku ile nimeamini kwamba adui wa barabara ni maji. Mzigo ni adui pia, lakini mara nyingi huja kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na maji.

Sasa tuliangalie zege. Fundi yeyote hapa atawaambia ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Lililo gumu kueleweka ni kwamba zege halikauki kama tope linavyokauka juani. Saruji hushikana na maji na kuwa kitu kipya, kigumu kama jiwe, na kazi hiyo huendelea kwa majuma kadhaa. Maji yakitoroka mapema, kazi inakatika njiani. Ndiyo maana tunalimwagia maji zege lililokwisha kushika, jambo ambalo mtoto akiliona hushangaa: mbona mnalilowesha tena? Tunalilowesha ili likomae.

Wa kwanza kupata hati miliki ya saruji inayoitwa Portland alikuwa fundi uashi wa mji wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin, mwaka 1824. Aliipa jina hilo kwa kuwa, ikishakuwa ngumu, ilifanana na mawe ya kisiwa cha Portland ambayo matajiri wa London walipenda kujengea. Njia ya kuitengeneza iliendelea kurekebishwa baadaye, na leo kiini chake ni hiki: unachoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450, unapata vinundu vyeusi vigumu, unavisaga na jasi kidogo, na huo unga ndio unaowekwa kwenye mfuko wa kilo 50. Kumbukeni hilo tanuri. Nitalirudia, kwa sababu moto wake unawahusu.

Barabara ya zege ilijaribiwa Inverness, Scotland, mwaka 1865. Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mji mdogo wa Bellefontaine, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1891 kulikuwa na mtu aitwaye George Bartholomew, aliyekuwa akitengeneza saruji jirani na mji huo. Mitaa yao ilikuwa matope kama yetu ya zamani, na farasi walichoka. Bartholomew aliwaomba wakubwa wa mji wamruhusu aweke zege kwenye kipande cha barabara. Hawakumwamini. Walimtaka aweke dhamana ya dola 5,000, na athibitishe kwamba kazi yake itadumu miaka mitano, la sivyo hela imepotea. Akakubali. Juu ya zege alichora mistari ya miraba midogo ili kwato za farasi zisiteleze, na zege lile likadumu kuliko dhamana yenyewe. Sehemu ya kazi zake za miaka ile inaonekana mpaka leo, zaidi ya miaka 130 baadaye.

Nimekaa kwenye kisa hiki makusudi. Angalieni masharti aliyopewa: miaka mitano, na hela mezani. Mji mdogo vile ulijua kumbana mjenzi. Ningependa kila kijiji chetu kinachojengewa kipande cha zege kijue kipindi cha uangalizi wa mkandarasi kinaisha lini, na kijue kabla hakijaisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1909 maili moja ya barabara ya Woodward, nje ya Detroit, iliwekwa zege, na watu wakasafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Katika miaka ya 1930 Ujerumani ilijenga barabara zake kuu za magari kwa mabamba ya zege. Na huku kusini mwa Afrika, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kuanzia mwaka 1930 walijenga barabara za mikanda: mistari miwili myembamba, mmoja kwa tairi za kila upande, katikati nyasi. Mingi ilikuwa ya lami, mingine ya zege. Kwa nchi yenye hela kidogo na umbali mkubwa ilikuwa akili nzuri, na nadhani bado ina somo kwa njia zetu za vijijini zinazopanda milima kwenda kwenye mashamba ya kahawa.

Wengi wenu mnauliza zege lina tofauti gani na lami. Niwaeleze kwa mfano wa godoro na kitanda cha mbao. Barabara ya lami ni godoro, inabeba mzigo kwa kupokezana: tairi linakandamiza lami, lami inalipa tabaka la chini yake, hilo linalipa la chini yake tena, mpaka udongo. Kila tabaka linanesa kidogo. Zege ni kitanda cha mbao, halinesi. Bamba lenyewe linabeba, na linautandaza mzigo juu ya eneo kubwa, hata udongo wa chini unaupata ukiwa umekwisha kupungua makali. Lami ikipata joto kali hulainika. Lori zito linalopanda mlima polepole, au linalofunga breki kwenye kona, huisukuma ikajikunja kama mkeka. Mmeona wenyewe yale matuta na mifereji ya tairi kwenye miteremko mikali. Zege halisukumiki hivyo.

Ndiyo sababu njia za mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, zilizoanza kutumika mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ziliwekwa zege. Basi zito linapita mahali palepale, linasimama kituo kilekile, linaondoka kwa nguvu ileile, mchana kutwa. Nairobi nao walikwisha kuijenga upya Mbagathi Way kwa zege. Mlima wetu hauna tofauti na kituo cha basi. Lori la tani nyingi kwenye kona kali linapita palepale, kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki zikinuka.

Zege nalo lina udhaifu wake. Ukilikandamiza ni imara sana, lakini ukilivuta linakatika upesi. Na halitulii: jua likiwaka linatanuka, usiku linasinyaa. Bamba la mita 100 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 20 hubadilika urefu kwa karibu sentimita 2. Mkilimwaga bila kulikata litajikata lenyewe, na litapasuka linapotaka. Kwa hiyo tunalikata kila baada ya mita nne au tano, tunaacha maungio, na kwenye barabara za malori mazito tunalaza vipande vya nondo laini katikati ya bamba na bamba ili yasaidiane kubeba. Maungio hayo ndiyo mlango wa maji. Maji yakipenya chini, tairi zito likipita bamba linakandamiza yale maji, na yale maji yanatoka kwa nguvu pembeni yakiwa yamebeba udongo. Lori la pili, la kumi, la elfu. Chini ya bamba kunabaki shimo ambalo hakuna mtu analiona. Siku moja kona ya bamba inavunjika, na watu wanasema saruji ilikuwa kidogo. Pengine kweli ilikuwa kidogo. Lakini mara nyingi nimefukua na kukuta saruji nzuri iliyokalia pango.

Kuhusu uzito wa malori, kuna jaribio moja ambalo kila mwenye lori angepaswa kulijua. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Wamarekani waliwapa wanajeshi malori wayaendeshe usiku na mchana kwenye barabara za mzunguko zilizojengwa kwa jaribio hilo, nyingine za lami na nyingine za zege. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni moja. Walichokipata ni hiki: ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka takribani mara 16. Ekseli ya tani 10, kipimo kinachokubalika nchini kwa ekseli moja yenye matairi mawili kila upande, inaumiza barabara kuliko ekseli ya nusu tani ya gari dogo kwa zaidi ya mara laki moja. Kwa hiyo mtu anayezidisha tani mbili na kukwepa mizani usiku hajaiibia serikali tani mbili tu. Amekula barabara ambayo mjamzito atapitia kwenda hospitali.

Nilisema nitarudi kwenye tanuri. Machimbo ya Ngaka ni yetu. Kuanzia mwaka 2011 makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa pale Ntunduwaro, na malori yameyabeba kwenda kwenye viwanda vya saruji, kikiwemo kile kikubwa cha Dangote cha Mtwara kilichoanza mwaka 2015. Nyuzi 1,450 nilizozitaja zinatokana na moto, na sehemu ya moto huo imetoka kwenye ardhi ya Mbinga. Sehemu ya saruji inayorudi huku kwenye mifuko imechomwa kwa makaa yetu, na malori yaliyobeba makaa hayo ndiyo yaliyozilemea barabara zetu. Sielezi haya kwa kulalamika. Nayaeleza ili tunapoomba zege kwenye vipande vikali tuombe kama watu ambao wamekwisha kuchangia.

Kuna pia hesabu ya taifa. Lami tunainunua nje kwa fedha za kigeni, na bei yake hupanda na kushuka na ya mafuta. Saruji tunaichoma hapa nchini tangu kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza mwaka 1966, na leo tuna viwanda Tanga, Mbeya na Mtwara pia. Zege ni ghali siku ya kwanza, hilo lazima tulikubali mapema. Likijengwa vizuri, miaka inayofuata linadai kidogo.

Tuna mfano mkubwa jirani kabisa. Wenzetu wa Ludewa, ng'ambo ya mto Ruhuhu, wamejengewa barabara ya Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kwa zege. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Korea Kusini. Ni sehemu ya barabara ya Itoni, Ludewa hadi Manda, inayoshuka kwenye ziwa hilihili letu. Sababu za kuchagua zege ni zilezile ambazo mtu wa Mbinga angezitaja usingizini: milima, mvua nyingi, na malori mazito yatakayobeba makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Nawashauri walimu mliopo hapa, mkipata nafasi, wapelekeni wanafunzi wakaione. Waambieni wasiangalie zege tu. Watazame mitaro, na wahesabu makalvati.

Barabara zetu wenyewe zina historia ya lami. Makambako hadi Songea ilijengwa kwa msaada wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC, ambao mkataba wake ulianza mwaka 2008. Mbinga hadi Mbamba Bay ilianza mwaka 2018, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha za serikali yetu. Mimi sidai lami hiyo ing'olewe. Ninachodai ni kwamba siku itakapofika ya kuifanyia matengenezo makubwa, wahandisi wa TANROADS watenganishe kilomita na kilomita: tambarare ibaki lami, na zile kona ambazo dereva huweka gia ya kwanza ziwekwe zege. Na njia za TARURA zinazoshuka vijijini zifuate hesabu hiyohiyo. Mita 200 za zege mahali panapokwamisha gari zina faida kuliko kilomita tatu za kifusi kinachosombwa kila kifuku.

Lakini hata zege hilo halitadumu bila elimu ya maji, na hapa ndipo ninapotaka kuwasifu wazee wetu, nikiwa na hakika ya ninachokisema. Dunia nzima inawajua Wamatengo kwa ngoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja miaka ya 1990, wakakaa milimani, wakapima, wakaandika. Walikuta nini? Walikuta watu wanaolima kwenye miteremko mikali, kizazi baada ya kizazi, bila mlima kuporomoka. Wanaume wanakata nyasi na kuzipanga miraba. Wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya nyasi, mpaka kila mraba unakuwa shimo lenye kingo. Maharage yanapandwa kwenye kingo, mwaka unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea maji yake na kuyatuliza. Hakuna tone linaloruhusiwa kukusanyika na wenzake likawa na nguvu.

Mhandisi wa barabara ya mlimani anafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Anachimba mtaro juu ya ukingo ili kuyapokea maji kabla hayajafika barabarani. Anayatoa kila baada ya umbali mfupi, kidogo kidogo, yakiwa bado hayana hasira. Anajenga vizuizi vya mawe ndani ya mtaro ili yashuke kwa ngazi. Akiyaacha yatembee pamoja kilomita moja, yatafika chini yakiwa na uwezo wa kubeba kalvati zima. Nimeona kalvati la zege limebingirishwa kama pipa, na mtaro uliolipeleka huko ulikuwa umechimbwa vizuri, umenyooka, unapendeza. Kosa lake lilikuwa urefu.

Mafundi wangu, sasa nazungumza na nyinyi. Msemo wenu ni zege halilali. Mna maana kwamba likishachanganywa lazima limwagwe lote, hata kama jua limezama, hata kama saidia fundi amechoka, kwa sababu likilala limekufa. Ni msemo wa kweli na una heshima ndani yake. Nawaomba muuongezee nusu ya pili: likishamwagwa, msilale nyinyi. Siku saba za kwanza ni zenu. Magunia yaliyoloweshwa, mchanga mbichi, hata majani ya migomba, chochote kitakachozuia upepo na jua kuiba maji. Huku juu Juni na Julai upepo ni mkavu na baridi, mtu anadhani bila joto hakuna hatari. Upepo nao unakausha uso wa zege, hata bila jua kali. Na msiongeze maji kwenye mchanganyiko ili toroli limwage kirahisi. Kila ndoo ya ziada inayorahisisha kazi leo inaacha vinyweleo ndani ya zege, na hivyo ndivyo maji ya mvua yatakavyoingia.

Nimalizie na jambo lililonipata kazini, upande wa kuteremka ziwani, kwenye njia moja ya kijiji. Tulikuwa tunaweka kipande cha zege penye mteremko mkali, na mchoro ulionyesha mahali pa kalvati. Ilikuwa Septemba, kumekauka, vumbi tupu. Tumeshaweka vigingi, tumeanza kuchimba, akashuka bibi mmoja kutoka kwenye ngoro zake, jembe begani. Akasimama, akatutazama.

"Mwanangu," akaniambia, "maji hayapiti hapo."

"Shikamoo bibi. Yanapita wapi?"

Hakunijibu kwa maneno. Akapanda tena mlimani, nami nikamfuata. Akanionyesha mashimo ya ngoro, safu kwa safu. Mengi yalikuwa na udongo mweusi uliojaa kidogo chini. Lakini kulikuwa na mstari mmoja wa mashimo, unashuka kwa kupinda, ambao ulikuwa umejaa mchanga mwekundu karibu hadi ukingoni. Maji ya kifuku kilichopita yalikuwa yameuandika mstari huo. Tukaufuata kwa macho mpaka barabarani. Uliangukia hatua kumi na moja kutoka pale tulipoanza kuchimba.

Tukafukia shimo letu, tukaanza upya mahali alipoonyesha. Nilirudi Februari, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Kalvati lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, maji mekundu yakitoka kwa kishindo upande wa chini. Pale pa mwanzo palikuwa pakavu, na mtu alikuwa amekwisha kupanda maboga.